UZI: Lubumbashi mpaka Dar es Salaam kwa kinga. Naomba mnikosoe mpango wangu

Mwana_Katuba | 12 Aprili, saa 2:15 usiku

Jambo yenu bakubwa na bayaya wote.

Kwa wasio wa huku kwetu: kinga ni baiskeli. Ukisema baiskeli hapa Katuba unaeleweka, ila watu wanajua kwamba umetoka shule. Na kweli natoka shule, nafundisha jografia. Likizo kubwa ikianza Julai nataka kukanyaga kinga kutoka hapa Lubumbashi mpaka Dar es Salaam, kisha nirudi kwa basi kabla ya Septemba.

Sababu ni bahari. Kila mwaka naifundisha, kupwa na kujaa, mikondo, na ubaoni nachora mawimbi kwa chaki ya bluu. Mwaka jana mtoto mmoja akaniuliza: mwalimu, ile chumvi unaionja mara maji yakigusa mdomo, au mpaka umeze? Sikuwa na jibu.

Njia nimeichora hivi: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu barabara kuu ya kaskazini: Serenje, Mpika, Chinsali, Isoka, Nakonde. Navuka Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Mikumi, Morogoro, Dar. Ramani inanipa karibu kilomita 2,100. Nimegawa kwa 120 kwa siku, nikapata siku 18.

Kinga ninayo, ya mitumba ya Ulaya, gia 21. Nitabeba hema, blanketi mbili, sufuria, mbabula ndogo ya kupikia, vitabu vitatu, nguo, unga kilo 5, vipuri na bidoni ya maji ya lita 10. Semeni.

---

Kunguru_Kamalondo | 12 Aprili, saa 2:31 usiku

Basi lipo. Kiti lina, dirisha lina. Mwalimu, mshahara umechelewa mpaka akili zimehama?

---

Dereva_wa_Shaba | 12 Aprili, saa 4:05 usiku

Mwacheni asafiri. Hiyo barabara naipita na lori miaka tisa sasa, shaba kwenda Dar, ngano na mitambo kurudi. Naiongea kama nyumba yangu.

Mwalimu, njia yako ni sahihi. Hesabu ndiyo mbovu. 120 kwa siku ni hesabu ya mtu asiyebeba kitu, asiyepanda mlima, asiyesimama mpakani na asiyeumwa tumbo. Weka 70. Kila siku sita pumzika moja. Utapata kama siku 35, na likizo yako inatosha. Upande wa Zambia peke yake una kilomita kama 1,080, yaani nusu ya safari yote.

Sehemu ya kuheshimu ni Serenje mpaka Mpika. Kilomita zaidi ya 230, msitu kushoto, msitu kulia, vijiji vichache. Mimi ndani ya kabini nasinzia, wewe utakuwa juani. Huko ndiko maji yanahesabiwa. Mahali pengine lita 10 ni kujitesa bure, maji yako kila kijiji.

Jambo la pili, na hili limeua watu wenye akili kuliko sisi wawili. Kongo tunapita kulia. Ukivuka Kasumbalesa, Zambia wanapita kushoto, na Tanzania pia kushoto. Mchana hutakosea kwa sababu unafuata magari. Utakosea asubuhi ya tatu au ya nne, unatoka nyumba ya wageni bado una usingizi, barabara tupu, mguu unaenda upande wa nyumbani. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto wa usukani. Kila ukitoka, kitambaa kiwe upande wa majani.

Usiku usipite. Hata saa moja jioni usiwe barabarani. Sisi wenye malori usiku hatukuoni, na tukikuona tumechelewa.

---

Fundi_Kenya | 13 Aprili, saa 1:20 asubuhi

Mwalimu, lete hiyo kinga niione. Gia 21 hazinisumbui, kinachonisumbua ni magurudumu. Ni 26 au ni yale membamba ya 700?

---

Songwe_Mpakani | 13 Aprili, saa 3:00 asubuhi

Habari zenu ndugu zetu wa Kongo. Mimi nipo Tunduma. Fundi, wewe upo Nairobi au Mombasa? Nauliza vipuri.

---

Fundi_Kenya | 13 Aprili, saa 3:12 asubuhi

Hahaha. Kenya ni komini, yaani mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi, kaka. Niko karibu na soko.

---

Mwana_Katuba | 13 Aprili, saa 12:40 jioni

Fundi, ni 26. Ubavuni pameandikwa 26 x 1.95. Spoki nimehesabu 36 nyuma, 36 mbele. Fremu inashika sumaku.

Dereva, aksanti sana, nimeandika yote. Kitambaa nimeshakitafuta.

---

Fundi_Kenya | 13 Aprili, saa 2:10 usiku

Inashika sumaku, basi ni chuma. Vizuri. Chuma kikivunjika, hata pale Chinsali kuna mtu ana mashine ya kuchomelea geti. Alumini ikipasuka unatafuta mtu wa maana, na huyo mtu hayuko njiani.

26 nayo vizuri. Tairi ya 26 utaipata Kitwe, utaipata Mpika, utaipata Makambako. Ile ya 700 utaipata mijini tu, ukibahatika. Spoki 36 ni baraka.

Sasa sikiliza kitu ambacho vijana hawajui. Kinga yenye gia nyuma, gurudumu lake haliko sawa pande mbili. Upande wa mnyororo, spoki zimesimama wima zaidi na zimekazwa zaidi, kwa sababu friwili, yaani zile gia za nyuma, imekula nafasi. Kwa hiyo spoki zikikatika, zitakatika upande huo, mara tisa kwa kumi. Na upande huo huwezi kupitisha spoki mpya bila kutoa friwili. Na friwili haitoki kwa koleo wala kwa hasira. Inatoka kwa spana yake, kikopo kidogo chenye meno, ambacho kinaingia mfukoni. Watu wanabeba spoki kumi, wanasahau kikopo. Spoki zinabaki mapambo.

Vali pia. Tyubu zako zina vali nene kama ya gari? Kama ndiyo, hata pampu ya lori la Dereva inakujaza.

---

Kunguru_Kamalondo | 13 Aprili, saa 2:25 usiku

Gia zote hizo za nini? Nilisoma habari za Mjerumani mmoja, Heinz Stücke, aliondoka kwao mwaka 1962, akazunguka dunia zaidi ya kilomita 600,000 kwa baiskeli ya gia tatu. Tatu!

---

Fundi_Kenya | 13 Aprili, saa 2:33 usiku

Kumbe unasoma. Ile ilikuwa baiskeli nzito ya kizamani. Yeye pia alikuwa na muda: zaidi ya miaka 50. Mwalimu ana wiki nane.

---

Mama_Nesi_Ruashi | 14 Aprili, saa 11:50 alfajiri

Mwanangu mwalimu, nimetoka zamu ya usiku, nimesoma wote, hakuna aliyetaja mwili wako. Wanaume mnaongea vyuma.

Kadi ya manjano kwanza. Kama hujachanjwa homa ya manjano, chanjwa mapema, kwa sababu kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Kama unayo ya zamani, ile karatasi usiitupe: tangu Julai 2016 chanjo hiyo ni ya maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi.

Halafu maji na chumvi. Ukiharisha njiani, au ukitoka jasho mpaka kichwa kinagonga: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi usizidishe. Fungasha vipimo nyumbani katika vifuko, kwa sababu mgonjwa hapimi vizuri. Na homa yoyote, pima malaria siku hiyo hiyo. Usiseme ni uchovu.

Makalio utayajua mwenyewe. Kaptula yenye mshono katikati itakuchuna kufikia siku ya tatu. Na mikono: ukiegemea usukani muda mrefu, kidole kidogo na cha jirani yake vinakufa ganzi, ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiganja. Badilisha mshiko kila mara.

Nauliza pia: utalala wapi? Hema porini sikubali.

---

Dereva_wa_Shaba | 14 Aprili, saa 2:30 asubuhi

Mama amesema. Kulala: miji yote ya njiani ina nyumba za wageni za bei ndogo. Katikati ya miji, fika kijijini saa kumi jioni, si saa kumi na mbili. Uliza mwine mushi, ndiye mkuu wa kijiji kwa Kibemba. Simama, vua kofia, piga magoti kidogo ukimwamkia. Atakuonyesha pa kuweka hema, mara nyingi uani kwa mtu au shuleni. Ukishapokelewa na mwine mushi, hakuna atakayekugusa. Ukijificha porini bila kuaga, wewe ndiye mwizi.

Wewe ni mwalimu, hata rahisi. Shule ziko kila mahali.

---

Mzee_wa_Makala | 15 Aprili, saa 1:45 usiku

(Ni mtoto wake naandika. Baba anasema, mimi naandika vile anavyosema.)

Jambo bana bangu. Miye nilibebaka makala (mkaa) miaka kumi na mbili, barabara ya Kasenga. Gunia tatu, siku ingine ine. Ile kinga haiko ya kupanda, iko ya kusukuma. Basi muzigo ninaijua.

Muzigo ya juu inakupiganisha. Muzigo ya chini inakufuata. Weka bizito chini, karibu na katikati ya kinga, hapana nyuma ya gurudumu. Ukiweka yote nyuma, usukani unakuwa mwepesi, mu mulima kinga inasimama kama farasi.

Kufunga: hapana kamba. Kamba inalegea. Kata mpira ya chambre (tyubu) ya zamani, funga nayo, inakamata. Kiisha kufunga, kamata kinga kwa kiti, itikise kwa nguvu. Kama unasikia mlio moja, enda. Kama unasikia milio mbili, fungua yote, anza tena. Ile mlio ya pili njo itakata spoki.

Kuamuka ni saa kumi ya usiku, kutoka ni saa kumi na moja na nusu wakati barabara inaanza kuonekana. Saa ine jua iko mukali, unalala chini ya muti. Saa tisa unaanza tena.

Sasa ile mbabula. Mwalimu, unabeba mbabula unaenda kwa bantu benye kupikaka bukari (ugali) kila siku? Wa Zambia banakula nini, mawe? Muzigo yako iko kilo ngapi? Umeipima?

---

Mwana_Katuba | 15 Aprili, saa 3:02 usiku

Papa, shikamoo. Sijaipima.

---

Mwana_Katuba | 16 Aprili, saa 12:30 jioni

Nimeazima mizani ya mama muuza unga. Kilo 34, bila maji.

---

Kunguru_Kamalondo | 16 Aprili, saa 12:34 jioni

Hiyo ni gunia la makala, bila faida ya makala.

---

Songwe_Mpakani | 17 Aprili, saa 4:00 asubuhi

Mwalimu, ngoja nikueleze upande wetu, maana mnaongelea Zambia tu.

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Ukivuka, songeza saa mbele moja: Kongo yenu ya Lubumbashi na Zambia saa ni ile ile, Tanzania tuko mbele. Ukifika Nakonde saa kumi jioni, kwetu tayari ni saa kumi na moja, na bado una dirisha la uhamiaji. Lala Nakonde, vuka asubuhi.

Wabadilisha fedha wa barabarani watakukimbilia kabla hujashuka. Kwacha zako maliza huko huko kwa kununua chakula, kilichobaki badilisha dukani, hesabu mwenyewe, usimpe mtu akuhesabie mara ya pili. Mbinu yao iko kwenye hiyo mara ya pili. Na huku kwetu huwezi kulipia wali kwa dola kama mlivyozoea Lubumbashi. Shilingi tu.

Tunduma mpaka Mbeya ni kama kilomita 105, vilima, na malori yamebanana. Julai kuna baridi. Watu wakisikia Tanzania wanafikiria mnazi na kanga. Makambako, Mafinga na Iringa mwezi wa saba unavaa sweta na koti asubuhi. Pia kuna upepo. Kuanzia Mei unatoka kusini-mashariki, na wewe kuanzia Mbeya unaelekea mashariki, yaani unakuja usoni kwako. Alfajiri upepo umelala. Saa nne unaamka. Yule mzee wa makala yuko sahihi kuhusu kutoka mapema, kwa sababu nyingine pia.

Usambazaji wa maumivu: Mbeya iko juu, kama mita 1,700. Unashuka mpaka Chimala na bonde la Usangu, unafurahi, halafu unapanda tena mpaka Makambako. Kisha Iringa. Kisha Kitonga.

---

Mwana_Katuba | 17 Aprili, saa 7:15 mchana

Kitonga ni kupanda au kushuka kwangu?

---

Songwe_Mpakani | 17 Aprili, saa 7:40 mchana

Kwako ni kushuka, na ndiyo hatari. Anayepanda anachoka tu.

Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yaliyojaa yanatambaa kwa gia ndogo, breki zinanuka mpaka unazionja. Baiskeli yako breki zinabana rimu, sivyo? Ukibana mfululizo kilomita nzima, rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, tyubu inapasuka konani. Bana, achia, bana, achia, mbele na nyuma kwa zamu. Kila baada ya muda simama mahali papana, dondoshea rimu maji. Yakichemka, kaa chini ule embe. Chini kabisa ni Ruaha Mbuyuni, joto kama tanuri, mibuyu na vitunguu pande zote.

Ukitoka hapo, Mikumi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kilomita 50. Tembo, nyati, twiga wanavuka kama mbuzi wa kwenu, na simba wapo. Weka baiskeli juu ya basi au lori mpaka ng'ambo ya hifadhi. Usiniambie "lakini nilitaka kukanyaga yote".

---

Mwana_Katuba | 17 Aprili, saa 8:00 mchana

Nilitaka kusema hivyo hasa.

---

Mama_Nesi_Ruashi | 17 Aprili, saa 2:20 usiku

Utapanda basi. Imekwisha.

---

Dada_Kampemba | 19 Aprili, saa 11:00 jioni

Samahani kuingilia. Mimi ni mwanamke, naendesha kinga kwenda Kipushi kazini, kilomita kama 30, na kurudi Ijumaa. Nataka kumsindikiza mwalimu mpaka Kitwe, nina dada yangu huko. Nitapata shida gani ambayo yeye hatapata?

---

Dereva_wa_Shaba | 19 Aprili, saa 1:10 usiku

Dada, nikuambie kweli: barabarani utapata honi nyingi na maneno mengi. Upande wa Copperbelt, mkoa wa shaba wa Zambia, utaona wanawake wengine juu ya baiskeli, hutakuwa ajabu. Kasumbalesa ndipo pa kukaza macho, foleni ya malori ni ndefu na watu wamekaa hapo siku nyingi bila kazi. Pita mchana, pita na mwalimu, usisimame kujibu.

---

Dada_Kampemba | 19 Aprili, saa 1:25 usiku

Maneno nimeyazoea, barabara ya Kipushi nayo ina shule yake. Nimeuliza konsula ya Zambia hapa mjini kuhusu karatasi zangu. Mwalimu, wewe umekwenda? Mpango wa siku uandike baada ya kujua wanakupa siku ngapi. Wewe umeanza na ramani.

---

Mwana_Katuba | 22 Aprili, saa 12:00 jioni

Nimekwenda. Dada alikuwa na haki, niliingia na maswali mawili nikatoka na karatasi ya maswali saba. Pasipoti yangu inabakiza miezi mitano, na wanataka iwe na sita au zaidi. Naanza upya. Afadhali nimejua Aprili.

Pia nimeandikisha risiti ya kinga. Rafiki yangu mmoja alizuiwa mpakani mwaka juzi na mtu aliyesema baiskeli ni ya kuuza, akalipa asichopaswa kulipa. Risiti, picha ya namba ya fremu, nakala ndani ya tandiko.

---

Dereva_wa_Shaba | 22 Aprili, saa 3:00 usiku

Safi. Simu: Airtel Money ipo Kongo, Zambia na Tanzania, ila laini ni tofauti kila nchi na inasajiliwa kwa pasipoti. M-Pesa ya Vodacom tunayo sisi na Watanzania, Zambia hakuna. Kwa hiyo usiweke fedha yote kwenye simu moja ukadhani itakufuata. Dola ndogo ndogo za akiba, safi, zisizochanika, shona ndani ya mkanda.

Na kama mwili ukigoma, kuanzia Kapiri Mposhi reli ya TAZARA inakwenda mpaka Dar, kilomita 1,860, Wachina waliijenga 1970 mpaka 1975. Inapita Serenje, Mpika, Nakonde, Mbeya. Ukifika Kapiri uliza stesheni siku za treni, uandike. Kwa baba mwenye aibu ya kupanda basi, treni ni heshima.

---

Mwana_Katuba | 19 Mei, saa 2:45 usiku

Bakubwa, nimerudi kutoka safari ya kujaribu. Lubumbashi–Likasi, kama kilomita 120, nilipanga siku mbili kwenda, mbili kurudi. Nilibeba kilo 34 zote, kwa makusudi. Nilitaka Papa wa Makala akosee.

Hakukosea. Nyumbani nilitikisa kinga, nikasikia milio miwili, nikajiambia wa pili ni kikombe. Kilomita ya 60 na kitu, baada ya peaji, pale magari yanapolipia barabara, nikasikia *ting*. Sauti ndogo, kama kijiko kwenye gilasi. Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kugusa breki, shwii, shwii. Nikaendelea. Kilomita nne mbele, *ting* ya pili.

Nikageuza kinga juu chini kando ya barabara. Spoki mbili, zote upande wa mnyororo, zimekatika pale kwenye kiwiko zinapoingia kwenye kitovu cha gurudumu. Spoki mpya ninazo sita, zimefungwa kwa nailoni, nzuri. Kikopo cha friwili sina. Nilikaa pale nikizitazama, na neno la fundi likanirudi lote: mapambo.

Nililegeza breki ya nyuma, nikasukuma. Mkulima mmoja akanibebea hema kilomita mbili bila kuniuliza ninakwenda wapi. Likasi nikampata fundi, kijana tu. Hana spana hiyo. Akachukua tindo na nyundo, akaanza kuipiga friwili ili izunguke. Nilipaswa kumzuia. Ikatoka vipande viwili.

Nimerudi nyuma ya pikapu ya vitunguu. Makalio Mama Nesi anajua.

---

Fundi_Kenya | 19 Mei, saa 3:05 usiku

Pole mwalimu. Lete gurudumu kesho. Nitalifuma upya lote, spoki nene, na nitakufundisha kuzikaza mwenyewe kwa sauti: unazigusa kwa kucha, za upande mmoja zinapaswa kulia karibu sawa. Inayolia chini ni legevu. Friwili mpya ninayo. Kikopo chake utanunua mbele yangu.

---

Mzee_wa_Makala | 20 Mei, saa 1:00 usiku

Kikombe. Eeh, mwalimu. Kikombe!

Lete muzigo yote hapa nyumbani siku ya mungu, kiisha misa. Tutaitoa moja moja.

---

Mwana_Katuba | 26 Mei, saa 11:30 jioni

Nimetoka kwa Papa. Alikaa kwenye kiti chake chini ya mwembe, akaniambia nitandike vitu vyote kwenye mkeka. Kwa kila kitu aliuliza swali moja tu: "Ile, Zambia haina?" Nikisema inayo, anakisukuma kwa fimbo upande wa kushoto.

Mbabula, kushoto. Unga, kushoto. Sufuria, kushoto, kikombe cha bati kimebaki na ndicho kitachemshia chai. Blanketi moja kushoto. Vitabu viwili. Niliposhika cha tatu akanitazama mpaka nikakiweka mwenyewe. Bidoni ya lita 10 imekwenda, badala yake chupa tatu za lita moja na nusu, mbili kwenye fremu, na ya tatu najaza Serenje tu. Sweta alikataa kuligusa. "Songwe alisema baridi," anasema, anawasoma wote.

Kilo 16 na nusu. Nilipoitikisa kinga, mlio mmoja. Papa akasema nitikise tena.

---

Kunguru_Kamalondo | 26 Mei, saa 12:10 jioni

Sasa hapo naanza kuona safari. Mwalimu, ukifika baharini, tupigie picha. Nitachangia tyubu mbili, usimwambie mtu.

---

Songwe_Mpakani | 27 Mei, saa 2:00 asubuhi

Ukivuka Tunduma, chai ni juu yangu. Na chapati. Usiniletee unga.

---

Mwana_Katuba | 4 Julai, saa 12:15 jioni

Pasipoti mpya ninayo, karatasi za Zambia ninazo, kadi ya manjano ninayo, sweta linanuka nondo. Dada Kampemba tayari, mzigo wake kilo 11, ananicheka. Tunatoka kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kesho kutwa tunavuka, tukilala kabla ya mpaka. Kitambaa chekundu nimeshakifunga.

Tukipata mtandao nitaandika hapa hapa.

---

Mama_Nesi_Ruashi | 4 Julai, saa 1:00 usiku

Vifuko vya sukari na chumvi vingapi?

---

Mwana_Katuba | 4 Julai, saa 1:02 usiku

Kumi, mama.

---

Fundi_Kenya | 5 Julai, saa 1:40 asubuhi

Mwalimu. Mwalimu upo? Kikopo cha friwili kiko hapa kwenye benchi yangu. Ulikiweka juu ya kopo la grisi uliponilipa.

---

Dereva_wa_Shaba | 5 Julai, saa 2:05 asubuhi

Hawezi kusoma huko aliko, anakanyaga. Mimi napakia leo, usiku nitakuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, na foleni hiyo haiendi popote kabla yake. Nileteeni kwenye pakingi kabla ya saa nane.

---

Fundi_Kenya | 5 Julai, saa 2:09 asubuhi

Mtoto ameondoka nacho. Yuko kwa kinga.